Zenit na Yashica ya mzee, Unguja na Pemba mwezi wa nne: ogopa kava kuliko mvua

Dada, kwanza Mungu ampumzishe mzee wako. Umeuliza mambo matatu kwa mkupuo: baba amekuachia kamera zake mbili za filamu, Zenit-E na Yashica Mat-124G, wewe uko Arusha, mwezi wa nne unakwenda Unguja kisha Pemba. Uchukue ipi? Uifunge kwenye nailoni pamoja na mchele, kama jamaa alivyokushauri? Na filamu zikae friji au zisikae? Mimi ni mtu wa Tanga, filamu nimepiga huku huku pwani tangu enzi za kupeleka studio na kurudi baada ya wiki, kwa hiyo nitajibu kwa urefu. Mwenye haraka aruke.

Karibu kila kamera ya zamani niliyoletewa nikaikuta imekufa kwa unyevu, ilifia kabatini. Mwenyewe alisafiri nayo, akapiga harusi na sikukuu, akarudi, akaifuta juu juu, akaitia kwenye kava lake la ngozi, akafunga vifungo na kuiweka chini ya nguo. Miaka mitatu baadaye anaifungua lenzi ina mizizi. Kamera inayotembea na kupigwa kila siku inapata hewa na mwanga, na mashine yake inazunguka. Hiyo haina shida sana hata masika. Watu wamepiga picha Unguja tangu karne ya 19, na Ranchhod Oza alifungua Capital Art Studio pale Mji Mkongwe mwaka 1930, kabla ya viyoyozi kuwa kitu cha kawaida. Hewa ilikuwa hii hii.

Kuvu ya kwenye lenzi inataka giza, hewa iliyolala, uchafu kidogo wa kula na unyevu. Uchafu haukosekani, alama moja ya kidole inatosha. Unyevu wa hewa ukikaa juu ya asilimia 60 au 70 kwa muda, inaota. Unguja mwezi wa nne unyevu huwa asilimia 80 au zaidi, kwa hiyo usijidanganye kwamba utaukwepa. Unachoweza kukinyima kuvu ni lile giza na ile hewa iliyolala. Ndiyo maana nasema kava la ngozi libaki Arusha. Ngozi inakunywa maji ya hewani na kuyashika, ndani kuna kitambaa cha mahameli kinachofanya vivyo hivyo, na kamera imebanwa katikati. Wazungu wenyewe walilijua hili zamani. Kabla ya vita vya kwanza vya dunia viwanda vya Ulaya vilikuwa vikitengeneza kamera maalumu za nchi za joto, mwili wa msaji mtupu wenye kona za shaba, bila kuvishwa ngozi, kwa sababu huku ngozi ilibanduka gundi na wadudu wakaimaliza. Leo hizo ni mali ya wakusanyaji na bei yake haisemeki.

Kabla hujafunga safari, zikague zote mbili. Fungua kitundu cha lenzi chote, washa tochi ya simu, mulika kwa nyuma huku ukitazama kwa mbele kwa pembe. Ukiona nyuzi nyembamba zilizotawanyika kama utando wa buibui, hiyo ni kuvu. Usipanik. Ikiwa kidogo pembeni, picha haitaonyesha kitu isipokuwa ukipiga kuelekea jua, hapo itakuwa na weupe weupe. Ikikaa miaka hutoa asidi inayokula rangi ya juu ya kioo na hatimaye kioo chenyewe, na hapo hata fundi akiisafisha alama inabaki. Mimi huwa siamini sana habari ya kwamba lenzi moja itaambukiza nyingine begini, maana mbegu za kuvu ziko hewani kila mahali, lakini yenye kuvu naitenga, hainigharimu kitu.

Sasa ipi uchukue. Zenit, bila kusita. Haitegemei umeme hata chembe. Kipimo chake cha mwanga ni cha seleniamu kisichotaka betri, japo kwa umri ule usikiamini mpaka ukilinganishe na kipimo cha kwenye simu. Yashica ni kamera bora kuliko Zenit, hilo halina ubishi, lakini kwa safari hii ina matatizo yake. Kipimo chake kilitengenezewa betri ya zebaki ya volti 1.35 ambayo haiuzwi tena. Kioo cha ndani cha kutazamia kimepakwa kiakisi chake kwa juu, hakitaki chumvi wala kufutwa futwa. Shata yake, kile kinachofunguka kuingiza mwanga, ni visu vyembamba ndani ya lenzi, grisi ikilainika kwa joto na kutambaa huko, visu vinagandana. Sponji za mlango wa nyuma, kama hazijabadilishwa, kwa sasa ni uji mweusi, na mwanga wa ufukweni utapenya. Halafu inatumia filamu ya 120, ambayo imeviringwa na karatasi. Ile karatasi inakunywa unyevu, na ikizidi unaweza kukuta namba zilizochapwa juu yake zimejiandika kwenye picha zako. Ipeleke mwezi wa saba au wa nane, kusi likivuma na hewa ikiwa imepoa. Itakupa sura za watu ambazo Zenit haiwezi.

Kitu kimoja cha Zenit ujue mapema. Spidi ya juu kabisa ya shata yake ni 1/500 ya sekunde, na kitundu cha lenzi yake ya Helios 44-2 kinafungwa mwisho f/16. Ukiweka filamu ya ISO 400, inayonasa mwanga kwa wepesi, jua la saa sita mchana umeshafika ukingoni: f/16 kwa 1/500, huna pa kwenda tena, na mchanga mweupe wa Paje unataka zaidi ya hapo. Chukua filamu ya 200 au 100, isiyo nyepesi hivyo, kwa ufukweni. Ya 400 iweke kwa ajili ya vichochoro vya Mji Mkongwe na mawingu ya masika, ambako utajikuta umefungua kitundu hadi f/5.6 au namba ndogo zaidi.

Tuje kwenye adui anayesahaulika: baridi. Watu wanaogopa mvua, kumbe maji mengi yanayoingia ndani ya kamera yanatoka kwenye chumba chenye kiyoyozi. Hewa ya nyuzi joto 30 yenye unyevu wa asilimia 75 inageuka maji ikigusa kitu chochote chenye joto la chini ya nyuzi 25 hivi. Chumba cha hoteli kiko nyuzi 20. Kamera imelala humo usiku kucha, chuma chake na vioo vyake viko nyuzi 20. Asubuhi unatoka nayo barazani, na papo hapo inatoka jasho, nje na ndani, katikati ya vioo ambako kitambaa chako hakifiki. Ukifuta kwa mbele, ndani kumebaki. Rudia hivyo kila siku ya safari, kisha ifungie kwenye kava, na kuvu umeipandia mbegu mwenyewe.

Dawa yake ni nyepesi. Kabla ya kutoka, ukiwa bado ndani ya ubaridi, tia kamera kwenye mfuko wa nailoni wa kufunga kwa zipu, toa hewa, funga kabisa. Toka nayo hivyo hivyo. Maji yatajikusanya nje ya mfuko badala ya juu ya kamera. Subiri nusu saa hadi saa nzima, ushike chuma kupitia nailoni. Ukikuta hakina ubaridi tena, fungua. Kazi ya nailoni ni hiyo tu, ya mpito. Anayekwambia kamera ikae kwenye nailoni siku zote anakufundisha kuifungia na unyevu wake. Kwenye boti ya Dar kwenda Unguja ni vile vile. Ndani kule wanapuliza baridi la kutetemesha, na kila mtu anataka kukimbilia juu kupiga Forodhani inapoonekana. Panda juu mapema kamera ikiwa mfukoni, au kaa nje tangu mwanzo, ila huko nje jihadhari na rasharasha za maji ya chumvi.

Mimi ningekushauri utafute chumba chenye feni tu na dirisha. Si kila mtu atakubali, hasa mwezi wa nne, lakini kamera yenye joto la chumba chenye feni haitoki jasho kokote uendako. Ukichukua chenye kiyoyozi, kamera iache mbali na upepo wake.

Kuhusu mchele: ni ujanja wa wasafiri wa zamani, walikuwa wanaukaanga kwanza ukauke kabisa ndipo wanautia kwenye debe. Mbichi kutoka dukani una unyevu wake tayari, na unatoa unga. Unga ule ukiingia kwenye mapazia ya shata ya Zenit, ambayo ni kitambaa chenye mpira, utanitafuta. Nunua silika, zile chembe za kunyonya unyevu, ya kupima kwa gramu. Vile vifuko vya kwenye boksi la viatu usivihesabu, vimeshashiba siku nyingi. Tafuta ya rangi ya chungwa inayogeuka kijani ikishiba. Ile ya buluu inayogeuka waridi ina kobalti, ambayo ni sumu, na kwa kuwa utaikausha jikoni mimi naikwepa. Silika iliyoshiba inafufuka kwa kuokwa kwenye nyuzi joto 120 hivi kwa saa kadhaa. Itie kwenye soksi safi ya pamba, weka ndani ya kopo la plastiki la chakula lenye mfuniko wa mpira na klipu pembeni, na kipima unyevu kidogo cha betri humo ndani. Lengo ni asilimia 40 hadi 50. Usishuke chini ya 30, mafuta na ngozi ya mwili wa kamera vitakauka. Kamera inaingia humo usiku, ikiwa imefutwa na kukauka, asubuhi inatoka. Kopo hilo halina maana kama unalifungua kila dakika kumwonyesha mgeni.

Filamu: ndiyo, friji inafaa kabla ya safari, lakini ikiwa kwenye kikopo chake kilichofungwa. Kiwandani wamefungia humo hewa kavu, kwa hiyo usiitoe mpaka dakika ya kuipakia. Ikitoka kwenye friji iache saa moja au zaidi ifikie joto la chumba kabla hujafungua kikopo, kwa sababu ile ile ya jasho. Ukiwa safarini usihangaike na friji za hoteli, umeme ukikatika kila kitu kinalowa. Kivuli na lile kopo la silika vinatosha kwa safari fupi. Ukishapakia, maliza. Filamu iliyokaa nusu ndani ya kamera huku pwani kwa miezi inalainika utando wake, rangi zinakimbia. Na iliyokwisha kupigwa haivumilii joto na unyevu kama mpya: irudishe kwenye kikopo, isafishwe mapema.

Uwanja wa ndege, filamu zote mkononi, kwenye mfuko unaoonyesha ndani, uombe kwa adabu zikaguliwe kwa mkono. Kwenye begi la kupakiwa chini usizitie kamwe, mashine za huko ni kali. Bandarini nako mizigo inapitishwa kwenye mashine, omba vile vile. Wengine watakubali, wengine watakuangalia tu. Filamu ya 200 ikipita mara moja kwenye mashine ya kawaida ya begi la mkononi si mwisho wa dunia. Zile mpya zinazopiga picha ya mzunguko mzima ndizo za kukataa.

Ukienda kupiga kina mama wa mwani Jambiani, omba ruhusa kwanza, na usibadilishe lenzi wala filamu ukiwa ufukweni. Chumvi inayoganda kwenye chuma inavuta unyevu usiku kucha hata kama kamera umeifuta kwa kitambaa kikavu. Jioni chukua kipande cha kanga kuukuu, kiloweshe kwa maji kidogo sana yasiyo ya chumvi, kikamue mpaka kibaki na ubichi tu, pitisha mwilini, kisha kikavu. Kioo cha mbele puliza kwa pampu ya mpira kwanza, mchanga utoke, ndipo ufute. Ikinyeshewa Ngezi au Wete, futa na uiache mezani chini ya feni. Usiianike juani, grisi itayeyuka na kutambaa.

Ukirudi Arusha, filamu safisha huko huko kwenye ubaridi. Maji ya bomba ya Dar na Unguja yanafika karibu nyuzi 30 na dawa nyingi za nyeusi na nyeupe zimepangiwa 20, utakesha na barafu kwenye beseni. Negativu zikikauka zitie kwenye kurasa zake, zikae na silika nazo, maana kuvu inapenda utando wa filamu kuliko inavyopenda kioo. Zenit iache wiki nzima kwenye rafu ya wazi, lenzi imetolewa kifuniko, upande wenye mwanga usio wa jua kali, na kila ukipita uivute na kuipiga shata spidi zote bila filamu. Kama fundi wa kamera unaye Arusha, mwulize kuhusu sponji za Yashica kabla ya mwezi wa saba.