Muulize Mwalimu wa Kinanda: "Napiga kwa sikio tu, je nota nitaziweza?"

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mimi ni kijana wa miaka 22, niko Mwanga hapa Kigoma, napigia kwaya ya kigango chetu mwaka wa tatu sasa. Nilijifunza kwa sikio, kila wimbo napiga kwenye C, yaani do naiweka C, alafu nabonyeza transpozi, kile kitufe cha kupandisha au kushusha sauti ya kinanda kizima, mpaka ifike sauti ya waimbaji. Juzi mwalimu wa kwaya kaleta nyimbo za nota nikashindwa kabisa, na nimesikia wanatafuta mtu mwingine. Nimeumia sana. Kwa umri huu nitaweza kweli?

JIBU: Marahaba mwanangu. Kinanda usikiache. Hilo sikio lako ni mali, nimeshafundisha watu wanaosoma nota vizuri tu ila padre akianzisha wimbo kwa sauti yake mwenyewe wanabaki wanamtumbulia macho, wakati we najua unamdaka palepale. Kilichobaki ni macho yajifunze kile ambacho sikio linajua tayari.

Anza na do re mi, maana kwaya zetu nyingi zinaimba kwa zile herufi za d r m na najua unazo kichwani. Ukifungua karatasi ya nota angalia alama zilizopangwa pale mwanzo wa mstari. Zikiwa shapu (♯, inapandisha noti nusu hatua, yaani funguo moja ya jirani), ile ya mwisho kulia ndo ti, kwahiyo do iko nusu hatua juu yake. Zikiwa flati (♭, inashusha noti nusu hatua), ya mwisho kulia ndo fa, hesabu kushuka fa mi re do umefika. Ikiwa flati moja tu, hiyo ni B, basi fa yako ni B flati na do ni F. Ukishajua do ilipo, wimbo wote unausoma kwa do re mi zilezile unazoimba kila Jumapili.

Transpozi sikukatazi, siku kwaya imeamka na mafua inaokoa. Ila ngoja nikwambie kilichonipata mimi. Nilikuwa na tabia hiyohiyo yako, na Jumapili moja wakati wa komunyo, transpozi iko juu nusu hatua tatu, umeme ukakatika katikati ya ubeti wa pili. Watu hawakusimama, wakaendelea kuimba wenyewe na waliimba vizuri kwakweli. Ubeti wa nne umeme ukarudi nikaingia kwa nguvu zote nikijua nawasaidia, kumbe kibodi ile ikizimika ghafla ikiwaka transpozi inarudi sifuri, kwahiyo kanisa zima liko kwenye E flati na mimi niko C. Ule mgongano nausikia mpaka leo. Mama mmoja wa soprano aligeuka kuniangalia, hata hakuwa amekasirika, alikuwa ameogopa. Niliporudi nyumbani sikula, nilikaa mezani nikajifunza E flati.

Tangu hapo umeme ukirudi naacha ubeti uishe kwanza, nashusha volyumu chini kabisa, nagusa noti moja ya besi nisikie watu wako wapi, maana wakiimba wenyewe muda mrefu huwa wanashuka taratibu bila kujua. Kama wameshuka siingii, wamalize wenyewe.

Kwahiyo mwanangu chukua wimbo mmoja unaoujua hata usingizini, uhamishie F bila transpozi. Ukipanda skeli ya F mkono wa kulia gumba linapita chini baada ya kidole cha nne (gumba lenyewe ndo la kwanza), sio cha tatu kama ulivyozoea kwenye C, na hapo ndo vidole vitagoma wiki ya kwanza. Dakika 20 kila siku zinatosha, mkono wa kushoto peke yake kwanza huku unaimba sauti ya juu. Ukiiweza F nenda G. Na mwalimu wa kwaya mwambie ukweli kwamba unajifunza, muombe nyimbo hizo akupe wiki mbili kabla.

SWALI: Mwalimu habari za kazi. Binti yangu wa miaka 8 anasoma piano kwa mwalimu mara moja kwa wiki, tuko Isevya hapa Tabora. Nyumbani hatuna chombo na hela ya kununua bado. Je anapoteza muda?

JIBU: Nzuri dada yangu. Hapotezi. Chukua karatasi ya manila umchoree funguo, kila nyeupe iwe na upana wa sentimita mbili na robo hivi, nyeusi zipangwe mbili mbili na tatu tatu, uibandike mezani. Awe anapiga huku anaimba majina ya noti, vidole vikiwa vimekunjwa kama ameshika embe dogo. Hela ikipatikana usinunue zile ndogo za kuchezea watoto. Tafuta yenye funguo 61, na dukani ujaribu kitu kimoja: ubonyeze taratibu alafu ugonge kwa nguvu. Ikilia sawasawa mara zote mbili iache, mtoto hatajifunza uzito wa mkono. Piano kamili ina funguo 88 ila hiyo isikuumize kichwa saivi.

SWALI: Baba yangu anasema kinanda cha kanisani hakilishi mtu, niache nisome udaktari. Mwalimu unasemaje? (Mwanafunzi wa kidato cha sita, Tabora)

JIBU: Mzee anasema kweli upande mmoja. Mimi posho ya kanisani kuna miaka nimepata na kuna miaka sijapata, chakula changu kimetoka kwa watoto ninaowafundisha piano majumbani. Soma huo udaktari mwanangu, na kinanda usikiache. Albert Schweitzer alikuwa mpiga kinanda mkubwa Ulaya, akasomea udaktari, na mwaka 1913 akaenda Lambaréné huko Gabon kufungua hospitali. Alipewa piano yenye pedali za miguu kama za kinanda cha kanisani, imetengenezwa maalum kwa nchi za joto, na baada ya kutwa nzima na wagonjwa alikuwa anakaa kufanya mazoezi usiku. Baadaye akapewa Nobel ya Amani ya mwaka 1952.

Mwambie baba hivyo, kwa adabu. Na kama uko hapa mjini njoo Jumamosi saa kumi, kwaya ikimaliza mazoezi kinanda kinakuwa wazi, uje na daftari na penseli.