Maswali ya wasomaji: Proksi inakataa nywila sahihi

SWALI: Ndugu Mhariri, ninasimamia chumba cha kompyuta katika chuo kimoja kidogo huku Uyole, Mbeya. Kwa kuwa bando tunalonunua kila mwezi halitoshi, tuliweka seva ya proksi ya Squid (programu inayopokea maombi ya intaneti ya kompyuta zote na kuyapitisha) kwenye Ubuntu, na kila mtumiaji ana jina na nywila yake. Jumatatu saa nne asubuhi niliandikisha wakufunzi wapya wawili. Wa kwanza aliingia vizuri, lakini baada ya chakula cha mchana naye akawa anaulizwa nywila bila kukoma, kama walivyokuwa wakiulizwa wenzake wa zamani, walioanza kukataliwa mmoja mmoja asubuhi ileile. Nilipoizima seva na kuiwasha upya, aliyeweza kuingia alibaki yule mkufunzi wa pili peke yake. Logi (kumbukumbu ya seva) imejaa namba 407. Je, seva imevamiwa? Pia, kwa nini programu nyingi za simu hazipiti kabisa kwenye proksi hii?
Msomaji, Uyole

JIBU: Ndugu msomaji, sioni dalili ya uvamizi. Umetuandikia kwa mpangilio mzuri, na jibu limo ndani ya barua yako mwenyewe, hasa pale unaposema kwamba aliyebaki ni yule uliyemwandikisha mwisho.

Kwanza tuiondoe hofu ya 407. Namba hiyo maana yake ni kwamba proksi inadai utambulisho, nayo huonekana hata mambo yakiwa sawa, kwa sababu kivinjari hutuma ombi la kwanza bila jina, hurudishiwa 407, kisha hutuma tena ombi lilelile likiwa na jina na nywila. Kinachopaswa kukushtua ni 407 zinazofuatana kwa kompyuta moja bila kuja 200 (ombi limekubaliwa) yenye jina la mtumiaji kwenye safu yake.

Sasa fungua faili la nywila, ambamo kila mtumiaji ana mstari wake, uhesabu mistari. Nadhani utakuta mmoja tu. Amri ya htpasswd, inayoandikisha watumiaji na nywila zao, ikiandikwa pamoja na alama ya -c huunda faili jipya, na kama la zamani lipo, huliandika upya juu yake bila kukuuliza chochote. Wengi huinakili amri ile ya siku ya kwanza kama ilivyo, wakamwandikisha mtu wa hamsini kwa alama iliyomfaa mtu wa kwanza. Mimi mwenyewe nilifanya hivyo katika ofisi moja mjini Iringa, nikakaa hadi jioni nikiikagua swichi isiyo na kosa.

Lakini kwa nini hawakukataliwa wote papo hapo? Squid haikiulizi kisaidizi cha nywila, yaani programu ndogo inayolinganisha nywila na faili, kwa kila ukurasa. Mtu akishathibitishwa, jibu huwekwa akibani kwa saa mbili, isipokuwa kama umebadilisha credentialsttl, mpangilio unaoweka muda huo. Aliyethibitishwa saa tatu na nusu alisukumwa nje saa tano na nusu, na yule mkufunzi wa kwanza aliendelea kuishi akibani ilhali mstari wake ulikwishafutwa ulipomwandikisha mwenzake. Ulipoiwasha seva upya ukaifuta akiba hiyo pamoja na fununu iliyokuwa ikikusaidia, ndiyo maana nisingekushauri kukimbilia kuwasha upya kabla ya kusoma logi.

Kama una nakala ya faili, irudishe na uongeze wapya wawili bila -c. Kama huna, waite watumiaji waandike nywila upya, kwa kuwa zile za zamani haziwezi kupatikana. Kisha jaribu kisaidizi chenyewe nje ya kivinjari: endesha basic_ncsa_auth ukiitajia faili hilo, andika jina, nafasi, kisha nywila. Ikijibu ERR, kosa liko kwenye faili au kwenye herufi ulizoandika. Ikijibu OK na kivinjari bado kinakataliwa, hakikisha kwamba mtumiaji anayeitwa proxy (ambaye Squid huendeshwa kwa jina lake) anaruhusiwa kulisoma faili, maana jaribio ulilofanya kwa mamlaka ya root (msimamizi mkuu) halikuonyeshi hilo. Halafu soma mistari ya http_access (kanuni za Squid za kuruhusu au kukataza), ambayo hufuatwa kutoka juu kwenda chini na wa kwanza unaolingana ndio huamua. Mstari wa kukataza unaoishia na acl (sharti) ya proxy_auth, inayohusu jina na nywila, humfanya mtu mwenye nywila sahihi aulizwe tena badala ya kupewa 403 (umekatazwa), na hapo utailaumu nywila bure.

Kuhusu simu, programu nyingi hazifuati mipangilio ya proksi, na nyingine hazijui kuijibu 407. Kuyanasa mawasiliano yao kimyakimya hakusaidii, kwa kuwa programu isiyojua kwamba kuna proksi njiani haiwezi kujitambulisha kwayo. Zipe simu za wakufunzi anwani za IP zisizobadilika, ziruhusu zitoke moja kwa moja kwenye ruta, na uziwekee hukohuko kikomo cha kasi ili zisimalize bando la wanafunzi.