Je, bakteria wataniharibia soko la vanila?

SWALI: Mhariri, nalima vanila Mukono, Uganda, na msimu wa maua huamka alfajiri kuchavusha ua moja moja kwa mkono. Nasikia sasa bakteria wanatengeneza vanila. Je, niing'oe miche yangu?

JIBU: Usiing'oe, ndugu. Wanachotengeneza bakteria ni vanilini, yaani kemikali moja iliyo kuu katika harufu ya vanila, ilhali ganda lililokaushwa vizuri lina kemikali nyingine nyingi zinazolipatia ladha yake kamili. Wataalamu hupandikiza jeni za vimeng'enya viwili, yaani protini zinazoharakisha mabadiliko ya kemikali, katika bakteria aina ya Escherichia coli, kisha humlisha asidi ya feruliki, ambayo hupatikana katika pumba za mchele, naye huigeuza kuwa vanilini. Kikwazo ni kwamba vanilini ikizidi humdhuru bakteria huyo huyo anayeitengeneza, tena yeye huelekea kuibadili kuwa alkoholi isiyotakiwa, ndiyo maana watafiti huzima baadhi ya jeni zake. Mwaka 2021 watafiti wa Chuo Kikuu cha Edinburgh waliipata vanilini kutokana na plastiki ya chupa, jambo ambalo, nakiri, lilinifanya niitazame aiskrimu kwa jicho jingine.

Mshindani wako wa siku nyingi ni vanilini ya viwandani itokanayo na mafuta ya petroli, na nadhani bakteria watapambana na huyo kwanza. Kwa upande wako, hofia zaidi kuvuna maganda machanga, kwa kuwa hayo hayajajenga harufu ambayo mnunuzi anailipia.