Bakapu yako ikae wapi, Drive, S3 au SFTP?

Ndugu uliyeuliza uongeze rimoti gani (yaani hifadhi ya mbali) kwa rclone, ile programu ya kunakili mafaili kwenda hifadhi za mtandaoni, manake diski ya nje pekee waona haitoshi, uko sawa, hapa Pwani chumvi yala hadi yuesibii. Mimi nafanya video za harusi hapa Tudor, Mombasa, mafaili mazito, kwa hivyo nakwambia ninachokitumia.

Kuongeza rimoti si kazi, waandika rclone config, waipa jina, wachagua aina (hifadhi inazozijua ni zaidi ya 70), ushamaliza. Ngoma iko mbele, manake hizi hifadhi tabia zao hazifanani kabisa.

Drive ya Google yakubali faili mbili za jina moja ndani ya folda moja, kitu ambacho kompyuta yako haiwezi kukubali, ukikutana nayo tumia rclone dedupe, amri ya kusafisha hizo zilizojirudia. Alafu jitengenezee klayenti ID yako (namba ya kuitambulisha programu) kule Google, ile inayokuja na rclone dunia nzima inagawana, utakwenda kama foleni ya feri ya Likoni asubuhi.

S3, hifadhi ya Amazon, nayo haina folda hasa, ni majina marefu yenye mikwaju ndani. Na hapa ndo watu huumia, iwe S3 au rimoti nyingine: umebadilisha jina la folda ya harusi kwa kompyuta, ukipiga sync (amri ya kufanya kule kufanane na huku) rclone yaona ni faili mpya, yapandisha zote upya na zile za zamani yazifuta. Kuna --track-renames ya kuzuia hiyo, lakini hiyo yategemea cheksamu (alama inayopigwa kutokana na yaliyomo ndani ya faili), na ukishaweka crypt (tabaka la rclone la kufunga mafaili kwa paswadi) juu ya rimoti cheksamu hakuna, basi ongeza --track-renames-strategy modtime, itumie saa ya faili. Tena kumbuka Amazon kuingiza data ni bure, kuitoa ndo walipa, kwa hivyo piga hesabu ya siku ya kurudisha sio ya kuweka tu.

SFTP, njia ya kupeleka mafaili kwa kompyuta nyingine kupitia mtandao, ndo naipenda mimi, kompyuta kuukuu nimeiweka kwa binamu yangu Nyali, bili ni stima tu. Ila akaunti ikiwa haina shell (ruhusa ya kuendesha amri), rclone haiwezi kuita md5sum, amri ya kupiga cheksamu, kule, yabaki kulinganisha saizi na saa ya faili basi.

Kuhusu spidi, keboli za intaneti za baharini zatua hapa hapa kwetu, SEACOM na TEAMS tangu 2009, EASSy 2010, lakini apulodi ya nyumbani ni ile ile ya pakeji unayolipia. Mimi naweka --bwlimit "08:00,512k 23:00,off" (kikomo cha spidi mchana, usiku chaondoka) watu wa nyumbani wasinipigie kelele, na hiyo 512k ni kilobaiti kwa sekunde, yaani kama Mbps 4, wengi hudhani ni kilobiti.

Sasa hii usiipuuze: sync yafuta kule kile ulichofuta huku. Mtoto akifuta folda leo, usiku sync yaenda kuifuta na kule, sasa hiyo ni bakapu ya nini? Video mbichi natumia rclone copy, haifuti kitu. Mikataba, risiti na projekti za kuhariri natumia restic, programu nyingine ya bakapu, ambayo yakaa juu ya rimoti ile ile, restic -r rclone:jina:folda init, na yaweka hali ya kila siku kivyake waweza kurudi wiki iliyopita. Video sizipeleki restic, kazi yake kubwa ni kutorudia vipande vinavyofanana na video zishabanwa hazifanani popote, faida waipata ndogo.

Paswadi za crypt ndani ya rclone.conf, faili ya mipangilio ya rclone, zimefichwa tu hazijafungwa, mwenye hio faili azisoma, kwa hivyo weka paswadi ya config yenyewe, na nakala ya zote iandike kwa karatasi ikae nyumba nyingine manake ukizipoteza hakuna wa kukufungulia.

Kabla hujafuta chochote kwa diski jaribu --dry-run (yaonyesha itakachofanya bila kukifanya), alafu kagua kwa rclone check, yalinganisha huku na kule, na kama kuna crypt iwe rclone cryptcheck, alafu shusha harusi moja nzima kwa kompyuta nyingine uicheze hadi mwisho.