Zahanati, kituo cha afya, wilaya, Kitete: kwa nini mgonjwa ashushwe garini mara mbili?

SWALI: Mwangaluka. Mimi ni mjumbe wa kamati ya usimamizi wa zahanati, wilayani Sikonge, Tabora. Hivi karibuni mama mmoja wa kijiji chetu alijifungua salama, kisha akaanza kutokwa damu nyingi. Zahanati ikamwandikia rufaa kwenda kituo cha afya. Kule damu haikuwepo, na mtaalamu wa usingizi alikuwa likizo. Akapakiwa tena hadi hospitali, na huko ndiko alikopona. Wazee wanatuuliza: kwa nini asingepelekwa hospitali moja kwa moja? Ngazi hizi zilipangwa na nani? Hospitali ya kanisa imeingiaje humo? Na sisi kamati tufanye nini?

JIBU: Mwangaluka, ndugu mjumbe. Nianze na lililo la haraka. Ngazi za rufaa zimewekwa kwa ajili ya mgonjwa anayeweza kusubiri. Mgonjwa wa dharura hapandi ngazi moja moja. Anakwenda mahali pa karibu zaidi panapoweza kumtibu saa hiyo. Muuguzi wa zahanati alikuwa na swali la kuuliza kwa simu kabla gari halijawashwa: damu ya kundi lake ipo, na mtu wa kupasua na wa kutoa usingizi wako zamu? Kituo kingejibu hapana, na safari ingekuwa moja.

Hesabu yake ni hii. Mama anayetokwa damu nyingi baada ya kujifungua, asipotibiwa, anaweza kufariki ndani ya saa mbili hivi. Tuseme gari limesubiriwa dakika 40, njia ya kwenda kituoni imekula dakika 35, kumshusha, kumpima na kugundua kwamba damu hakuna kumekula 25. Hapo saa moja na dakika 40 zimekwisha, na hospitali bado iko mbele. Kinachomfikisha hai ni kile alichofanyiwa zahanati kabla ya kuondoka: oksitosini, dawa ya kukaza tumbo la uzazi, uniti 10 msulini, tumbo la uzazi kusuguliwa hadi likaze, kibofu kutolewa mkojo, kondo la nyuma kukaguliwa kama limetoka lote, kanula mbili nene na dripu inayokimbia, na traneksamiki asidi, dawa ya kupunguza kutoka damu, gramu 1 kwenye mshipa ndani ya saa tatu tangu ajifungue. Yote hayo hayahitaji daktari bingwa. Yanahitaji dawa iliyotunzwa vizuri. Oksitosini hukaa kwenye friji, nyuzi 2 hadi 8. Ile iliyokaa wiki kadhaa juu ya kabati katika joto la Sikonge hupungua nguvu hata kama tarehe ya kwisha muda bado, na muuguzi anachoma sindano akidhani ametibu.

Basi ngazi ni za nini? Ni za kugawana kazi, kwa sababu wataalamu na mashine ni vichache. Zahanati ina matabibu na wauguzi: chanjo, kliniki ya wajawazito na watoto, kipimo cha haraka cha malaria, uzazi wa kawaida. Kituo cha afya kinalaza wagonjwa, kina maabara, na kile kilichoboreshwa kina jengo la upasuaji. Hospitali ya wilaya ina madaktari, eksirei, upasuaji wa kila siku na benki ndogo ya damu. Kitete, kama Maweni kwa wenzetu wa Kigoma, ni hospitali ya rufaa ya mkoa, ngazi ya mabingwa. Juu yake, kwa miaka mingi, mikoa yetu miwili imekuwa ikipeleka wagonjwa Bugando, Mwanza, na mwisho kabisa Muhimbili.

Katika uzazi kuna kipimo kizuri zaidi ya jina lililoandikwa kwenye kibao. Shirika la Afya Duniani huhesabu kazi. Kituo chenye huduma ya msingi ya dharura za uzazi hufanya mambo saba: antibiotiki za sindano, dawa za kukaza tumbo la uzazi, dawa ya kifafa cha mimba, kutoa kondo lililokwama kwa mkono, kusafisha mabaki, kumsaidia mtoto kutoka kwa kifaa cha kuvuta, na kumpumulisha mtoto mchanga asiyepumua. Kituo chenye huduma kamili huongeza mawili, upasuaji na kuongeza damu. Kwa kila watu 500,000 vinatakiwa vituo vitano vya namna hiyo, kimojawapo angalau kikiwa kamili. Mnapokutana na Mganga Mkuu wa Wilaya, ulizeni kwa lugha hiyo: kati ya kazi tisa, kituo chetu kimefanya zipi katika miezi mitatu iliyopita? Jengo la upasuaji lenye taa nzuri na kitanda kipya halihesabiwi mpaka lifanye kazi. Linahitaji mtu wa kupasua, wa usingizi, muuguzi wa vifaa, damu, maji na umeme, vyote kwa pamoja. Kikikosekana kimoja, kituo hicho ni zahanati kubwa usiku ule.

Nani alizipanga? Wazo la ngazi lilitoka Uingereza mwaka 1920. Kamati iliyoongozwa na Bwana Dawson ilichora vituo vya msingi karibu na watu, vituo vya pili vyenye wataalamu juu yake, na hospitali za kufundishia madaktari kileleni. Kwetu Tanganyika ya mkoloni haikuwa na mchoro huo. Serikali ilijenga hospitali kwenye maboma, serikali za wenyeji zikafungua zahanati ndogo, na misheni zikajenga pale zilipokuwa na makanisa yao. Ndiyo maana ramani ya hospitali kongwe za Tabora inafuata misheni: Ndala ya Wakatoliki wilayani Nzega, Nkinga ya Wapentekoste wilayani Igunga, Sikonge ya Wamoravian. Kigoma ni vivyo hivyo, kuna Kabanga kule Kasulu na Heri ya Waadventista. Aliyechagua eneo la misheni hakuwa akihesabu wakazi wala barabara, na mpaka leo baadhi ya vijiji vinalipia uchaguzi huo kwa saa za safari.

Baada ya Uhuru, ripoti ya Profesa Titmuss ya mwaka 1964 ilipendekeza huduma zijengwe kutoka chini, na Azimio la Arusha la 1967 likaupa mwelekeo huo nguvu ya siasa. Miaka ya 1970 vituo vya afya na zahanati za vijijini vilienea. Katika kipindi hicho hicho serikali ilikutana na tatizo la wilaya zisizo na hospitali yake lakini zenye ya kanisa. Kujenga ya pili mlango wa jirani kungekuwa kutupa fedha, hivyo yakafanyika makubaliano: hospitali ya kanisa iwe hospitali teule ya wilaya, serikali ichangie mishahara na gharama, kanisa liendelee kumiliki na kuendesha. Hilo ndilo jibu la wazee kuhusu Sikonge. Hospitali teule ilibeba kazi ya wilaya nzima kwa miaka mingi, na ni haki kusema hivyo. Ugumu hutokea ruzuku inapochelewa, kwa maana hospitali hulazimika kutoza zaidi, na mwananchi anayeiita ya wilaya anashangaa kuona bili.

Mwaka 1977 sheria ilizuia hospitali binafsi za biashara. Mwaka 1991 zikaruhusiwa tena. Mwaka 1993 tukaanza kuchangia gharama katika hospitali za serikali. Halafu mwaka 1996 jambo lililoanzia mkoani kwetu: Mfuko wa Afya ya Jamii, CHF, ulijaribiwa kwanza Igunga kabla ya kuenea nchini na kupewa sheria mwaka 2001. Ulipoboreshwa mwaka 2018, kaya ya watu hadi sita ilichangia shilingi 30,000 kwa mwaka na kutibiwa kuanzia zahanati hadi hospitali ya rufaa ya mkoa, kwa kufuata rufaa. Hapo barua ya rufaa ikawa pia hati ya malipo. Mgonjwa asiye wa dharura akijipeleka mwenyewe ngazi ya juu bila barua, bima inaweza kumkataa. Waelezeni watu hili mapema, wasilijue dirishani.

Mpango wa Maendeleo ya Afya ya Msingi, MMAM, wa 2007 hadi 2017 ulilenga zahanati kila kijiji na kituo cha afya kila kata. Kuanzia 2017 vituo vingi vikaongezewa majengo ya upasuaji kwa shilingi milioni 400 hadi 500 kila kimoja. Majengo yalikuja haraka kuliko wataalamu wa usingizi, na kisa cha mama yenu ni tokeo la pengo hilo. Mwishoni mwa 2017 ukaja uamuzi mwingine uliogusa mtandao kuliko watu wanavyodhani: hospitali za rufaa za mikoa zilitoka TAMISEMI, ofisi ya serikali inayosimamia tawala za mikoa na halmashauri, zikaenda Wizara ya Afya. Zahanati, vituo na hospitali za wilaya zikabaki TAMISEMI. Mgonjwa anayetoka Sikonge kwenda Kitete anavuka mpaka wa bajeti na wa mabosi. Gari ni la halmashauri, kitanda ni cha wizara. Nani anaweka mafuta ya kumrudisha? Hilo liandikwe kabla ya dharura, maana usiku wa dharura hakuna wa kulijibu.

Sasa viungo vyenyewe, maana hapa ndipo mtandao hukatikia. Ukifungua jalada la mgonjwa aliyefika kwa rufaa, mara nyingi utakuta karatasi iliyokunjwa mara nne imeandikwa jina, umri na maneno «kutokwa damu, kwa uangalizi zaidi». Daktari wa zamu hawezi kuitumia. Barua inayofaa ina saa aliyojifungua, saa damu ilipoanza, makadirio ya damu iliyopotea, presha na mapigo ya moyo alipokuwa anaondoka, kundi la damu kama linajulikana, na kila dawa iliyotolewa pamoja na kiasi na saa. Chukua magnesiamu salfeti ya kifafa cha mimba. Dozi ya kuanzia kwa njia iliyozoeleka ni gramu 4 kwenye mshipa na gramu 10 msulini, 5 kila takoni. Isipoandikwa, anayepokea ama anairudia, na dozi iliyozidi inaweza kusimamisha pumzi, ama anaiacha akidhani imeshatolewa, na mama anashikwa na kifafa tena. Mstari mmoja wa kalamu unaamua.

Usafiri: kwa wajawazito, waliojifungua ndani ya siku 42 na watoto wachanga wa hadi siku 28, kuna mfumo wa m-mama. Zahanati au familia inapiga 115 bila malipo, mratibu anatafuta gari la wagonjwa, na lisipokuwepo karibu anamtuma dereva wa jamii aliyesajiliwa, anayelipwa kwa simu baada ya safari. Mfumo huu huzorota madereva wanapokuwa wachache upande mmoja wa kata, au namba zao zinapobadilika bila mtu kutoa taarifa. Wagonjwa wengine, kama mtoto mwenye malaria kali au aliyevunjika mguu, hawamo. Kwao mnategemea gari la halmashauri au lenu.

Damu: kituo cha Kanda ya Magharibi cha Damu Salama kipo Tabora mjini. Chupa ni mililita 450 hivi, huhifadhiwa nyuzi 2 hadi 6, na ya kawaida hudumu siku 35. Kituo cha afya kikiomba chupa nyingi mara moja zitaharibika. Kisipoomba kabisa kitakuwa kama kile cha kisa chenu. Kinachofaa ni kituo kuweka chache za kundi O, kuzibadilisha na hospitali ya wilaya zinapokaribia kwisha muda, na kuwa na friji ya damu yenye umeme wa akiba. Friji ya chanjo si mahali pake.

Kuhusu kamati, mna nguvu kuliko mnavyojua. Tangu 2017/18 fedha za serikali huingia moja kwa moja kwenye akaunti ya benki ya zahanati, nanyi ndio mnaopitisha mpango na matumizi. Katika mpango wa mwaka ujao wekeni kifungu cha mafuta au nauli ya dharura na kifungu cha vocha za simu ya zamu. Namba za wodi ya wazazi ya kituo, ya hospitali, ya Kitete na 115 ziandikwe kwa rangi ukutani chumba cha kujifungulia, na mtu apewe kazi ya kuzipiga kila Jumatatu kuhakikisha zinapokelewa. Mwombeni mfawidhi wa kituo cha afya atume ujumbe mfupi kila asubuhi kwa zahanati zote anazozisimamia: damu ipo au haipo, upasuaji upo au haupo, gari lipo au halipo. Ujumbe huo ungewajulisha tangu asubuhi kwamba mtaalamu wa usingizi yuko likizo.

Fuatilieni na majibu ya rufaa. Fomu ina sehemu ya chini ambayo hospitali hujaza na kuirudisha: alikutwa na nini, alifanyiwa nini, zahanati iendelee na nini. Mara nyingi hairudi. Mkabidhini ndugu anayemsindikiza mgonjwa jukumu la kuidai siku ya kuruhusiwa, pamoja na tarehe ya kliniki ya kurudi, naye aifikishe kwa muuguzi aliyeandika rufaa. Mama yule wa kijiji chenu, kama aliongezewa damu na akaruhusiwa, anapaswa kupimwa wekundu wa damu na kupata vidonge vya madini chuma hapo hapo zahanati. Muuguzi wenu hawezi kujua hilo kama karatasi imebaki kwenye mkoba wa mtu.