Mayai uliyofukua chini ya mpapai

Dada wa Kisauni, umesema jembe lilifukua mayai 11 meupe uwani, na kijana wako anataka kuyachoma. Mwambie asubiri. Najua hofu hiyo, maana nami niliwahi kuyakuta nikichimba shimo la taka, na usiku ule sikulala.

Kwanza tazama umbo. Ya konokono wakubwa ni madogo kama punje za mbaazi, yana rangi ya maziwa. Ya kobe yana ganda gumu kama la kuku. Yakiwa marefu, ganda laini linalobonyea kama ngozi, hapo ni nyoka au kenge. Yangu yalikuwa hivyo, tena yameshikana kama yamegundishwa. Mayai ya nyoka mara nyingi hukaa hivyo. Lakini yapo ya nyoka wasio na sumu, na kwa yai tu hutamjua ni yupi.

Nyoka wengi hutaga wakaenda zao, ila chatu huyalalia, basi angalia pembeni kabla ya kuinama. Usiyageuze, kwani kiinitete, yaani mtoto anayekua ndani ya yai, hushikamana na ganda na kikipinduliwa chaweza kufa. Piga picha ukiweka sarafu kando, yafunike udongo, wazuie watoto na kuku, nawa mikono kwa sabuni, kisha uwapigie KWS, shirika la wanyamapori la Kenya. Kama uko karibu na ufuo na ni duara kabisa, huenda ni ya kasa. Hayo yanalindwa na sheria.

Akiumwa mtu, hospitali mara moja. Msichanje wala kunyonya jeraha.