Kabla ya kununua betri mpya, punguza wati zinazoliwa na laptopu yako

Umeme ukikatika mtaani kwetu na kukaa zaidi ya saa moja, simu yangu huanza kupokea swali lilelile kutoka kwa watu tofauti: nizime nini ili laptopu inifikishe jioni? Wengi wanaouliza wameshazima Bluetooth, wamezima taa ya kibodi, wamegeuza kila kitu kuwa cheusi, na bado asilimia zinashuka kama maji kwenye ndoo iliyotoboka.

Mimi natumia ThinkPad T480, mashine ya mwaka 2018 niliyoinunua ikiwa imeshatumika, kama zilivyo nyingi zinazouzwa Kariakoo. Kazi yangu ni kuhariri maandishi: Word, kivinjari chenye kurasa nyingi kuliko inavyostahili, na video za hapa na pale. Nitakayoeleza nimeyajaribu kwenye Windows, lakini hesabu yake haibadiliki ukiwa na mashine nyingine.

Na tuanze na hiyo hesabu. Uwezo wa betri huandikwa kwa Wh, yaani wati-saa: wati ngapi inaweza kutoa kwa saa moja. Betri yenye 36 Wh ikiwa kwenye laptopu inayokula wati 12, utapata saa 3. Laptopu hiyohiyo ikila wati 6, utapata saa 6. Kwa hiyo usihesabu umefunga programu ngapi. Tazama wati zimeshuka kwa kiasi gani.

Ili ujue betri yako imebakiwa na nini, bonyeza kitufe cha Windows, andika cmd, na kwenye dirisha jeusi litakalofunguka andika powercfg /batteryreport. Kompyuta itakutengenezea faili linaloitwa battery-report.html na kukuonyesha limehifadhiwa wapi. Lifungue kwa kivinjari, shuka hadi kwenye mistari miwili: DESIGN CAPACITY, yaani ujazo betri ilipotoka kiwandani, na FULL CHARGE CAPACITY, ujazo inaoweza kushika leo. T480 ina betri mbili, moja ya ndani na nyingine ya nyuma inayochomolewa, kwa hiyo ripoti yake huziorodhesha zote mbili. Ile yangu ya ndani ilizaliwa na 24 Wh, na ripoti ikanionyesha kwamba siku hizi inashika kama 15 tu. Hapo ndipo unapojua lawama ni ya betri au ya mipangilio.

Kuhusu wati, kuna programu ndogo ya bure iitwayo BatteryInfoView, ya NirSoft. Chomoa chaja, iache dakika chache itulie, kisha soma mstari wa Charge/Discharge Rate. Namba huja kwa miliwati, hivyo 6,000 ni wati 6. Ukishakuwa na namba hiyo mbele ya macho, ushauri mwingi wa mitandaoni unajipima wenyewe: badilisha kitu kimoja, tazama namba, amua.

Nilipofanya hivyo, skrini iliwaacha wengine wote mbali. Mwangaza ukiwa mwisho kabisa na Word peke yake imefunguliwa, mashine ilikuwa inakula kama wati 9. Niliposhusha mwangaza hadi nusu, ikakaribia 6. Hakuna mpangilio mwingine ulionipa punguzo la aina hiyo kwa mguso mmoja. Geuza meza dirisha liwe pembeni yako badala ya kukukabili, na utashangaa nusu inavyotosha.

Ile rangi nyeusi, kwa mashine nyingi tulizonazo, ni urembo tu. Skrini ya LCD ina taa nyuma yake inayowaka muda wote. Pale unapoona weusi, taa imezibwa, haijazimwa. Wenye skrini ya OLED ndio wanaofaidi, maana huko kila nukta hujiwakia yenyewe. Na kama laptopu yako ni mpya, yenye skrini ya 120 Hz, yaani inayochora picha upya mara 120 kwa sekunde, ingia Settings, System, Display, Advanced display, uishushe hadi 60 ukiwa kwenye betri. Kwa kuandika barua hutaona tofauti.

Mlaji wa pili ni prosesa, chipu inayofanya hesabu zote za kompyuta, na hapa kuna mpangilio ambao watu wengi hawaujui. Prosesa za Intel na AMD zina mwendo wa kawaida na mwendo wa kukurupuka. Core i5-8250U iliyomo kwenye T480 nyingi huenda GHz 1.6 kwa kawaida, na ikipata kazi hupanda hadi 3.4. Tatizo ni kwamba ili ikimbie hivyo inahitaji volti kubwa zaidi, na ulaji wa umeme hupanda kwa kipeo cha pili cha volti. Kasi ikizidi mara mbili, umeme unaoliwa unazidi zaidi ya mara mbili. Ingia Control Panel, Power Options, kisha mipangilio ya kina (Change advanced power settings) ya mpango unaotumia, utafute Processor power management, halafu Maximum processor state. Upande wa On battery weka 99%. Hiyo asilimia moja unayopunguza huzima kule kukurupuka, na feni nayo hunyamaza. Word haitajua kitu. Ukihariri video, hapo ndipo utalia, kwa hiyo rudisha 100% wakati huo. Baadhi ya laptopu mpya zimeficha mpangilio huu. Hizo zitosheke na Power mode, uchague Best power efficiency.

Kwenye video kuna mtego wake kwa mashine za umri wa yangu. YouTube hutuma video nyingi kwa mfumo wa kubana video uitwao AV1, ambao chipu za Intel zilianza kuufungua zenyewe kuanzia kizazi cha 11. Za kizazi cha 8, kama hiyo i5-8250U, hazina sehemu hiyo, kwa hiyo kazi inaangukia prosesa, ambayo inatoka jasho kwa klipu ya muziki tu. Bonyeza kitufe cha kulia juu ya video, chagua Stats for nerds, usome mstari wa Codecs. Ukiona av01, ndiyo hiyo. Ukiona vp09 au avc1, uko salama. Kwenye Firefox unaweza kuandika about:config kwenye sehemu ya anwani, utafute media.av1.enabled na kuigeuza kuwa false. Usiyetaka hangaiko hilo, shusha video hadi 480p. Bando nalo litakushukuru.

Wi-Fi, Bluetooth na taa ya kibodi ni senti. Zima ukipenda. Programu za kupakua zinazojiita waokoaji wa betri, hizo usiziguse: nyingine zinaishi kwa matangazo, na zinakula umeme uleule unaotaka kuuokoa.

Kuna upotevu mwingine unaotokea mashine ikiwa imefungwa. Umewahi kufunga mfuniko, ukaweka laptopu kwenye begi, ukafika Morogoro ukaikuta ya moto na betri imebaki robo? Laptopu nyingi za miaka ya karibuni zikilala hazilali kabisa; zinaendelea kuchungulia intaneti kama simu. Kwenye cmd andika powercfg /a uone yako inalala kwa namna gani. Ikitaja S0 Low Power Idle kwenye orodha ya zinazopatikana (available), si ile ya zisizopatikana, ni ya aina hiyo. Dawa ni Hibernate: kompyuta huandika kila kilichokuwa kwenye kumbukumbu yake juu ya diski, halafu inakata umeme kabisa. Kama chaguo hilo halionekani, fungua cmd kama msimamizi na uandike powercfg /h on, kisha kwenye Power Options weka mfuniko ukifungwa iende Hibernate. Kuamka kunachukua muda kidogo zaidi, lakini asilimia ulizoziacha jioni ndizo utakazozikuta asubuhi.

Hayo yote yanahusu saa za leo. Kuhusu miaka, betri ya lithiamu haipendi mambo mawili: joto, na kukaa imejaa pomoni muda mrefu. Ule ushauri wa kuiacha iishe kabisa ndipo uchaji ulikuwa wa betri za zamani za nikeli na kadmiamu. Hizi za sasa kushuka hadi sifuri kila mara kunaziumiza. Ndiyo maana watengenezaji wanaweka kikomo cha chaji. Kwenye ThinkPad kinapatikana ndani ya Lenovo Vantage, kwenye ASUS ni MyASUS, na HP nyingi za ofisini huwa nacho kwenye BIOS, ile mipangilio inayofunguliwa kabla Windows haijawaka. Wengi watakwambia weka 80% na usahau.

Mimi sikubaliani na hilo la kusahau. Ushauri huo ni mzuri kwa mtu ambaye umeme wake haukatiki. Kwetu ile 20% unayoiacha ndiyo inayomaliza kazi wakati mtaa mzima uko gizani. Umeme ukiwa umetulia na laptopu inashinda kwenye chaja, naweka mwisho 80. Mgao ukianza, au nikiwa na safari, naondoa kikomo usiku uliotangulia. Kuchakaa kidogo kwa betri nakukubali, maana niliinunua ili initumikie.

Kwenye joto silegezi. Apple wanaonya kwamba mazingira yanayozidi nyuzi 35 yanaweza kupunguza ujazo wa betri moja kwa moja, na gari lililoegeshwa juani Dar es Salaam linapita hapo mapema sana. Kitandani nako ni vilevile: matundu ya hewa ya laptopu nyingi yako chini, na godoro linayaziba. Ukiona padi ya kipanya inainuka au mwili unaachana kwenye kingo, betri imevimba. Acha kuitumia, usiichaji tena, ipeleke kwa fundi.

Ikiwa ripoti inasema betri inashika chini ya nusu ya ujazo wake wa kiwandani, na wati umeshazishusha, basi nunua. Kwa wenye T480, betri ya nyuma ilitoka kwa ukubwa wa 24, 48 na 72 Wh, na zote zinaingia bila bisibisi. Ile ya 72 inatokeza chini na kuinua mashine kidogo. Nenda na laptopu yako dukani, ipachike hapo kaunta na uendeshe ripoti muuzaji akiwepo. Betri iliyokaa rafuni miaka mingi huchakaa hata bila kutumiwa, na namba ya FULL CHARGE CAPACITY itakupa nguvu ya kupatana bei au ya kuirudisha kabla hujatoa pesa.